Shauri la Vita na Wanaolibeba

Mtu akisimama Shinyalu asubuhi, katika nchi ya Waisukha, huuona msitu wa Kakamega umetanda, na upande wa mashariki, nyuma ya msitu ule, miinuko ya Nandi imesimama kama ukuta. Siku ya mapigano ya fahali watu hukusanyika mapema, ngoma ya isukuti hulia, na macho yote huelekea pembe za wanyama wawili. Watazamaji ni wengi, lakini ni wachache wanaoyafikiri mashauri yaliyofanywa kabla ya siku ile: fahali yupi apambanishwe na yupi, alishwe nini, atolewe saa ngapi, na hasara ikitokea nani ataibeba. Pembe huonekana, shauri halionekani.

Vita vya wanadamu navyo ni hivyo hivyo. Vitabu vingi hutuonyesha mapigano, mashujaa na tarehe za ushindi. Insha hii yataka kutazama upande usioonekana, yaani kazi ya watu wakaao mezani kabla ya risasi ya kwanza kupigwa, hasa katika vita vinavyopiganwa na mataifa mengi kwa ushirika. Watu wa Kenya wamewahi kuingia katika ushirika wa namna hiyo zaidi ya mara moja. Nitachukua mifano mitatu: ule wa Mumias wa mwaka 1895, ule wa Burma wa mwaka 1944, na ule wa Somalia wa mwaka 2012. Katika kila mmoja tutauliza swali moja tu: nani alikuwapo penye shauri, na nani alilibeba begani? Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Tutaona jinsi historia inavyoushuhudia usemi huo.

Kwanza tuieleze kazi yenyewe. Jemadari huamuru na askari hupigana, lakini kabla yao yupo mtu wa tatu, naye ni mtunzi wa shauri kuu, ambalo katika ofisi za majeshi ya leo huitwa dhana ya kimkakati. Mtu huyu hapigi bunduki wala hatoi amri, yeye huandika. Karatasi yake sharti ijibu maswali manne. La kwanza, mwisho unaotakiwa ni upi: adui aangamizwe, au arudishwe nyuma, au aletwe penye mapatano? La pili, ni njia gani itakayotufikisha hapo, na hatua ipi itangulie? La tatu, vyombo viko wapi: askari, chakula, dawa, magari na fedha? La nne, kama jambo tulilolitumaini halikutokea, tutafanyaje? Mwisho, njia na vyombo visipolingana, karatasi ile ni ndoto, hata ikiwa imeandikwa kwa maneno mazuri.

Kazi hiyo ni ngumu katika jeshi la taifa moja. Katika ushirika ugumu wake huongezeka maradufu, kwa sababu kila mshirika huja na mwisho wake moyoni. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Mtunzi hulazimika kutafuta sentensi ambayo kila serikali itaikubali, na hapo ndipo mtego ulipo: sentensi yaweza kukubaliwa na wote kwa kuwa kila mmoja ameisoma kwa maana yake mwenyewe.

Upo mfano mmoja kutoka mbali unaoonyesha thamani ya kuwapo mezani. Mwaka 1949 mataifa 12 ya Ulaya na Amerika Kaskazini yalifanya mkataba wa kulindana, ambao ushirika wake hujulikana kwa jina la NATO. Kabla mwaka ule haujaisha, maofisa wao walikuwa wamekwisha andika shauri kuu la kwanza na kugawana kazi: Marekani ibebe hasa mashambulio ya ndege za masafa marefu, na mataifa ya Ulaya yatoe sehemu kubwa ya askari wa nchi kavu. Rasimu ililitaja bomu la atomiki waziwazi. Denmark, nchi ndogo, haikuridhika na kutajwa huko, na maneno yakabadilishwa, zikatajwa silaha za kila namna pasipo kubagua. Bomu lilibaki pale lilipokuwa. Hata hivyo taifa dogo liliigeuza kalamu ya wakubwa, kwa sababu mjumbe wake alikuwa na kiti. Sasa turudi nyumbani tuone mambo yalikuwaje kwa wasiokuwa na kiti.

Mwaka 1883 msafiri Joseph Thomson alifika katika makao ya Nabongo Mumia, mtawala wa Wawanga, magharibi mwa Kakamega. Mahali hapo hapakuwa pageni kwa misafara, maana wafanyabiashara Waswahili waliotoka pwani walikuwa wamekwisha pazoea. Mumia alikuwa mtu wa mashauri kabla Waingereza hawajatia mguu. Alikuwa na majirani wengi wenye nguvu, na watu wake peke yao hawakutosha kuwashinda wote. Shauri lake likawa kumfanya rafiki yule mgeni mwenye bunduki. Mgeni njoo, mwenyeji apone: ndiyo iliyokuwa hesabu yake, na kwa kadiri ya alivyoweza kuona wakati ule haikuwa hesabu ya kipumbavu.

Mwaka 1894 Uingereza ilitangaza kwamba Uganda ni nchi iliyo chini ya himaya yake, na kituo kikawekwa kwa Mumia. Mwaka uliofuata C. W. Hobley alifika kukishika. Kaskazini ya kituo walikaa Wabukusu, wajenzi wa maboma yaliyozungushiwa kuta, na baadhi yao walikuwa wamepata bunduki. Kundi lililotumwa kwenda kuzichukua bunduki hizo lilishambuliwa, na wengi wakauawa. Serikali ikaazimia kulipiza kisasi, lakini haikuwa na askari wa kutosha wa kwake. Basi ikakusanya ushirika. Mwezi wa Agosti 1895 jeshi liliondoka likiwa na Wasudani, Waganda, Wamasai na Wawanga, chini ya Waingereza wachache. Maboma ya Lumboka na Chetambe, yaliyo karibu na Webuye ya leo, yakashambuliwa. Wabukusu walipigana kwa ujasiri mkubwa, lakini silaha hazikulingana. Maboma yakaanguka, watu wengi wakafa, na mifugo ikatekwa.

Tukilitazama jeshi lile kwa macho ya mtunzi wa mashauri, twaona kwamba washirika walikuwa na njia moja lakini miisho mingi. Waingereza walitaka amri yao iheshimiwe na njia ya Uganda iwe salama. Mumia alitaka wapinzani wake wa zamani wapunguzwe nguvu. Wamasai waliokuwa wamekimbilia kwa Mumia walikuwa wamepoteza ng'ombe wao, na vita vilikuwa njia ya kupata wengine. Askari Wasudani walikuwa watu wa mshahara, waliotolewa mbali na nchi yao. Kwa siku chache za Agosti miisho hiyo yote ilipita katika mlango mmoja. Baada ya hapo kila mmoja alishika njia yake, na yule aliyekuwa ameshika kalamu ndiye aliyefika alikokusudia.

Ushahidi ni huu. Mwaka 1902 sehemu ya mashariki ya Uganda ilihamishwa na kutiwa katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Watu wa Mumias, wa Kakamega na wa Shinyalu walitoka nchi moja wakaingia nyingine pasipo kuinua mguu, na pasipo kuulizwa. Mwaka 1909 Mumia alipewa cheo cha mtawala mkuu wa Kavirondo ya Kaskazini, na kwa nje akaonekana amefanikiwa. Lakini mwaka 1920 makao ya serikali yalihamishwa kutoka Mumias kwenda Kakamega, na mwaka 1926 Mumia akastaafishwa. Alifariki mwaka 1949, akiwa mzee aliyeheshimiwa, lakini ufalme alioutumaini haukuwa tena mkononi mwake. Shauri alilolianzisha yeye lilikuwa limemezwa na shauri kubwa zaidi, ambalo hakupata kuonyeshwa karatasi yake.

Wale askari Wasudani nao walitoa funzo lao. Baada ya kampeni nyingi, safari zisizokwisha na mshahara mdogo uliocheleweshwa, mwaka 1897 waliamriwa kwenda safari nyingine ndefu. Baadhi yao wakaasi huko Eldama Ravine, na uasi wao ukaitikisa Uganda nzima. Mtunzi aliyehesabu bunduki zao alisahau kuhesabu uchovu wao. Hata hivyo desturi ya kuwatumia wenyeji dhidi ya wenyeji haikuachwa. Kule juu ya miinuko inayoonekana kutoka Shinyalu, Wanandi walipigwa kwa kampeni moja baada ya nyingine, na Wamasai wakitumika upande wa serikali, hata kiongozi wao Koitalel arap Samoei akauawa tarehe 19 Oktoba 1905, katika mkutano ulioitwa wa mapatano.

Miaka karibu 40 ikapita, na Vita Vikuu vya Pili vikaja. Safari hii shauri liliandikwa mbali zaidi. Mapema mwaka 1941, kabla Marekani haijaingia vitani, maofisa wa Uingereza na Marekani walikutana Washington wakakubaliana kwamba, ikiwa watapigana bega kwa bega, nguvu kubwa ielekezwe kwanza juu ya Ujerumani, na Japani izuiliwe mpaka zamu yake ifike. Mwanzoni mwa mwaka 1942 nchi hizo mbili zikawa na baraza moja la wakuu wa majeshi. Chini ya baraza hilo walikaa watunzi wa mashauri, watu wa ramani, hesabu na majedwali ya meli.

Mmoja wao anastahili kutajwa. Mwaka 1943 Jenerali Frederick Morgan, Mwingereza, alipewa kazi ya kutunga shauri la kuivamia Ufaransa kutoka baharini, ilhali jemadari wa kulitekeleza alikuwa hajateuliwa. Morgan na wenzake, Waingereza na Wamarekani, waliupima ufuko, maji kupwa na maji kujaa, barabara na bandari. Mwishowe waliandika kwamba divisheni tatu zitateremka kwanza. Hawakusema tatu kwa kuwa tatu zilitosha sana, bali kwa kuwa meli za kuteremshia askari zilizoahidiwa hazikutosha kuchukua zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 1944 majemadari Eisenhower na Montgomery walilisoma shauri hilo wakataka divisheni tano. Meli nyingine zikatafutwa, na siku ya kuvamia ikasogezwa kutoka Mei hadi Juni.

Meli hizo zilikuwa chache duniani kote, na kila moja iliyopelekwa mahali pamoja ilikosekana mahali pengine. Mwezi wa Novemba 1943, katika mkutano wa Cairo, Washirika walikuwa na wazo la kuvivamia kwa meli visiwa vya Andaman katika Bahari ya Hindi, ili kuwashambulia Wajapani kutoka upande wa bahari. Baada ya mkutano wa Tehran wazo hilo likatupwa, maana vyombo vyake vilihitajika Ulaya. Kwa hiyo kazi ya kuirudisha Burma iliangukia zaidi jeshi la nchi kavu, na jeshi hilo sharti lipite milimani, misituni na matopeni.

Hapo ndipo hesabu ya Cairo ilipomfikia kijana wa Kakamega. Kutoka Kenya peke yake Waafrika zaidi ya 90,000 walitumika katika vita vile. Wengi waliingia katika jeshi lililojulikana kwa jina la Keya. Kabla hata ya kufika vitani, bahari ilitoza ushuru wake: tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, na watu zaidi ya 1,200 wakafa, wakiwamo wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki. Miezi michache baadaye Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru, iliamriwa kushuka bonde la Kabaw. Ndani yake walikuwamo watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, na Kiswahili kikawa lugha kubwa ya kuwaunganisha. Walikwenda katika mvua za masika ya huko, magari yakizama, chakula kikidondoshwa kwa ndege, na malaria ikiwaangusha wengi kuliko risasi. Desemba 1944 waliutwaa mji wa Kalewa, na daraja refu likajengwa juu ya mto Chindwin ili jeshi zima livuke.

Sisemi kwamba shauri la Washirika lilikuwa baya. Kuanza na Ujerumani kulikuwa na sababu yenye nguvu, na anayekosa meli za kutosha sharti achague. Ninalosema ni kwamba katika uchaguzi ule gharama ya Burma ilipimwa na watu wasiokuwa na mtoto wala ndugu katika Keya. Askari Waafrika waliongozwa na maofisa Waingereza, na mlango wa uofisa ulikuwa karibu umefungwa kwao. Kwa kuwa hawakuwapo penye shauri la vita, hawakuwapo penye shauri la amani pia. Baada ya mwaka 1945 serikali ya Kenya ilifanya mpango wa kuwapa askari wa Kizungu mashamba katika nyanda za juu. Askari wa Keya waliorudi Kakamega hawakupata fungu kama hilo. Asiyekuwapo na lake halipo.

Uhuru ulipopatikana swali letu lilichukua sura mpya. Sasa nchi za Afrika zilikuwa na majeshi yao, maofisa wao na viti vyao. Je, kuwapo kulitosha?

Mwezi wa Januari 2007 Umoja wa Afrika uliunda jeshi la kulinda amani Somalia, lililoitwa AMISOM. Waganda walitangulia Mogadishu mwezi wa Machi, na Warundi wakafuata mwishoni mwa mwaka. Kwa muda mrefu mataifa hayo mawili yalibeba mzigo karibu peke yao, mtaa kwa mtaa, mpaka wapiganaji wa Al-Shabaab walipojiondoa katika sehemu kubwa ya mji mwezi wa Agosti 2011. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Kenya ilivuka mpaka na kuingia kusini mwa Somalia kwa amri yake yenyewe, na Ethiopia nayo ikaingia kutoka magharibi. Basi palikuwa na adui mmoja na majeshi mengi, lakini hapakuwa na shauri moja. Kila jeshi lilikuwa na ramani yake.

Ndipo watunzi wakaitwa. Maofisa wa Umoja wa Afrika na wa Umoja wa Mataifa, pamoja na nchi zilizotoa askari, walikaa kulitunga shauri kuu jipya. Tarehe 5 Januari 2012 Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika lililipitisha mjini Addis Ababa. Tarehe 22 Februari Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaliunga mkono kwa azimio namba 2036, na idadi ya jeshi ikapandishwa kutoka 12,000 hadi 17,731. Askari wa Kenya waliokwisha kuwamo Somalia waliingizwa katika hesabu hiyo. Nchi ikagawanywa katika sehemu nne: Mogadishu na jirani zake, kusini kuelekea Kismayo, magharibi kuelekea Baidoa, na katikati kuelekea Beledweyne, na kila sehemu ikapewa wenye kuishika. Mwishoni mwa Septemba 2012 majeshi ya Kenya na wenzao Wasomali yaliingia Kismayo, bandari iliyokuwa chemchemi ya fedha za Al-Shabaab.

Msomaji na alinganishe mambo haya na yale ya nyuma. Mwaka 1895 Mumia alikuwa na neno la faragha tu. Mwaka 1944 askari wa Keya hakuwa na neno lolote. Mwaka 2012 maofisa wa Afrika Mashariki walikuwa na kalamu mkononi. Hii ni hatua kubwa, na si haki kuidharau.

Lakini historia haituruhusu kufurahi nusu ya hadithi. Shauri la 2012 lilihitaji helikopta, maana jeshi lililotawanyika katika nchi pana bila ya ndege za kulisaidia ni kama vidole vilivyokatwa kutoka mkono. Azimio liliziruhusu 12: 9 za kuchukua watu na mizigo, na 3 za kushambulia. Kuruhusu na kupata ni mambo mawili. Mwezi wa Agosti 2012 Uganda ilituma helikopta zake, na tatu kati yake zikaanguka katika Mlima Kenya kabla ya kufika Somalia. Kwa miaka kadhaa helikopta zilibaki katika karatasi zaidi kuliko hewani. Tena azimio lile halikugharimia vyombo vya baharini, ingawa sehemu ya Kenya ilikuwa na pwani ndefu. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya Wakenya huko El Adde ilishambuliwa na Al-Shabaab, na askari wengi wakapoteza maisha. Kabla ya hapo, mwaka 2015, kambi ya Warundi huko Leego na ya Waganda huko Janale zilipatwa na msiba wa namna hiyo hiyo. Makao makuu ya jeshi yalikuwa Mogadishu, lakini kila kikosi kiliendelea kusikiliza zaidi sauti ya mji mkuu wake.

Fedha nayo ilikuwa na sauti. Posho za askari zililipwa kwa mchango wa Umoja wa Ulaya. Mwaka 2016 mchango huo ulipunguzwa kwa asilimia 20, na watunzi wa Addis Ababa wakajua kwamba kalamu ni yao, lakini wino unanunuliwa na mwingine. Jeshi lile lilibadilishwa jina na kazi mwezi wa Aprili 2022, na tena mwezi wa Januari 2025. Kila mara swali la nani atalipa lilitangulia swali la nini kifanyike.

Kuna kasoro nyingine, nayo ni ile sentensi yenye maana mbili. Mwezi wa Novemba 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kupeleka jeshi lake mashariki mwa Kongo, likiwa na askari wa Kenya, Burundi, Uganda na Sudan Kusini. Serikali ya Kongo ilitumaini kwamba jeshi hilo litawapiga waasi wa M23. Wakuu wa jeshi waliielewa kazi yao kuwa ni kusimama kati na kusimamia kuondoka kwa waasi katika maeneo waliyoyashika. Karatasi ilikuwa moja. Masomo yalikuwa mawili. Kongo haikutaka kuongeza muda, na mwezi wa Desemba 2023 jeshi likaondoka. Hakuna aliyeshindwa vitani. Kilichoshindwa ni neno lililoandikwa kabla ya askari wa kwanza kupanda ndege.

Leo iko ofisi Karen, Nairobi, ambamo kazi hii hufanywa mwaka baada ya mwaka. Ni makao ya Kikosi cha Dharura cha Afrika Mashariki, kilichotangazwa kuwa tayari kwa kazi mwishoni mwa mwaka 2014. Maofisa kutoka nchi wanachama, tangu Komoro na Shelisheli hata Rwanda na Ethiopia, huletwa pamoja kutunga mashauri ya hatari ambazo bado hazijatokea. Moja ya kanuni zilizowekwa na Umoja wa Afrika yasema kwamba pakitokea mauaji ya halaiki, jeshi liweze kufika katika siku 14. Kanuni hiyo ilitokana na uchungu wa Rwanda wa mwaka 1994, wakati dunia ilipokuwa na majeshi mengi lakini haikuwa na shauri. Siku 14 ni maneno mawili katika karatasi. Ndani yake mna ndege za nani, mafuta ya nani, na watoto wa nani.

Katika vijana wanaosoma insha hii, yamkini mmoja atafika katika ofisi kama hiyo. Atahitaji historia, ili ajue washirika wake wanataka nini na wanaogopa nini. Jiografia, ili masika ya bonde yasimshangaze. Hesabu, ili asiahidi divisheni tano kwa meli za tatu. Na lugha, ili aitambue sentensi yenye maana mbili kabla haijatiwa sahihi. Elimu hiyo yote hupatikana shuleni. Liko jambo moja ambalo halifundishwi kwa jedwali, nalo ni kumkumbuka mtu ambaye hayupo chumbani. Mumia hakuonyeshwa mwisho wa karatasi. Askari wa Keya hakuulizwa Cairo. Askari wa El Adde alingoja ndege ambayo haikuwapo.

Kiti mezani ni haki ambayo wazee wetu waliikosa, na sisi tumeipata kwa taabu. Lakini anayekalia kiti hicho amekalia mahali pa wengi. Jioni, fahali wanapokwisha kurudishwa zizini Shinyalu na watu kutawanyika, mwenye fahali aliyejeruhiwa hubaki na mnyama wake. Mtunzi wa shauri la vita na amtafute mtu huyo kwanza, kabla ya kuichukua kalamu, amuulize ana nini na anaweza kupoteza nini, ndipo aandike.